Mwanangu anahesabu vinyweleo akidhani anageuka nzi, nimwambie nini?

"Shikamoo mwalimu. Naomba unisaidie maana nimechoka. Mwanangu wa kiume ana miaka 13, wiki tatu zilizopita alienda na wenzake kibanda umiza wakaonyeshwa muvi ya mwanasayansi anaeingia kwenye mashine na nzi akawemo humo, halafu anaanza kugeuka nzi kidogo kidogo, na DJ anaetafsiri akawaambia hii ni stori ya kweli ilitokea Marekani. Siku mbili baadae nzi akatua kwenye kidonda chake cha gotini. Toka hapo mtoto hana raha, analala taa inawaka, nzi akiingia ndani ni vita, na juzi nimemfuma bafuni na kioo anahesabu vinyweleo vya mgongoni na miguuni, anasema vimeongezeka na ni vigumu. Sauti imeanza kukwaruza anasema ndo dalili. Jirani ananiambia mtoto kachezewa nimpeleke kwa mganga, baba yake anasema dawa ni fimbo. Je, DNA ya nzi inaweza kweli kuingia kwa mtu? Na nimpige marufuku muvi kabisa?"

Marahaba mama, na pole sana. Nimesoma ujumbe wako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, nisikufiche, manake nimefundisha habari za wadudu miaka mingi na nimeulizwa karibu kila kitu kuhusu nzi, ila mtu anaehesabu vinyweleo sijawahi kumpata. Mara ya pili sikucheka. Mtoto anaejifungia bafuni na kioo akikagua mgongo wake anaogopa kweli kweli, na ukiangalia vizuri utaona ana ushahidi, ana idadi, ana mpaka tarehe nzi alipotua. Mtu wa namna hiyo humwiti mjinga. Amekusanya data zake vizuri, kakosea tu kwenye jibu.

Wewe umeniuliza mawili. Yeye anauliza la tatu ambalo hajalitamka, nitalifikia, lakini tumalizane na DJ kwanza.

DJ kawapiga chumvi. Muvi hiyo inaitwa The Fly, ya mwaka 1986, kaiongoza David Cronenberg wa Kanada, na yule mwanasayansi ni mwigizaji Jeff Goldblum ambae ameendelea kucheza muvi miaka na miaka baada ya hapo na hajawahi kuota bawa. Tena hiyo ni marudio. Kuna ya 1958 ambayo jamaa anabadilishana kichwa na mkono na nzi, na hiyo nayo imetoka kwenye hadithi fupi ya kubuni ya George Langelaan iliyochapishwa 1957. Kwahiyo ni stori iliyozaliwa na stori nyingine, tukio halipo. Mimi hawa ma-DJ nawapenda, usinielewe vibaya, nishawahi kumsikia mmoja akimpa komando wa Kimarekani shangazi wa Manzese, lakini mtoto wa miaka 13 hajui chumvi inaanzia wapi.

Yale manundu usoni, sikio linalodondoka, kucha kuchomoka, vyote vile ni mpira, gundi na rangi. Waliovitengeneza ni Chris Walas na Stephan Dupuis, na walipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Hatua za mwishoni mwigizaji alikuwa anakaa kwenye kiti karibu masaa matano anapakwa. Na pale anapotembea kwenye dari, ambapo nina uhakika mwanao hakupasahau, walijenga chumba kizima kinachozunguka kama tairi, kamera imefungwa kwenye chumba, chumba kikizunguka na kamera inazunguka nacho, mtu anatambaa chini siku zote ila kwenye picha unamuona yuko juu. Hii mnaweza kuijaribu nyumbani leo leo. Mwambie atambae sakafuni, wewe anza kurekodi simu ikiwa wima halafu igeuze kichwa chini ukiendelea kurekodi. Aangalie video. Nimefanya hivi na wajukuu wangu, sebule ikawa ukumbi wa sinema mpaka saa nne usiku, na mmoja aliekuwa anaogopa yale mambo ndo akawa dairekta.

Sasa DNA, yaani yale maelekezo ya kuujenga mwili yaliyomo ndani ya seli. Hapa naomba uvumilie kidogo maana ndo penye utamu.

Jibu fupi ni hapana, nzi akitua kwenye kidonda DNA yake haiwezi kuingia ikambadilisha mtoto. DNA ya viumbe wengine inapita mwilini mwetu kila siku, ukila samaki umekula DNA ya samaki, ukila mchicha ni hivo hivo, tumbo linaivunjavunja kama linavyovunja chakula kingine. Watu wa Bukoba wanakula senene toka enzi za mababu, kilo kwa kilo, wanakaanga na wanabeba mpaka kwenye ndege kupeleka zawadi, na hakuna alieamka asubuhi ana mapapasio kichwani.

Jibu refu ni zuri zaidi. Watu wengi wanadhani jeni, yaani kipande kimoja cha hiyo DNA, ni kama kipande cha mwili kilichokunjwa, kwamba ukiwa na jeni la jicho la nzi basi mahali fulani litachomoza jicho la nzi. Ndo muvi inavyodhani pia, kompyuta imeona mtu na nzi ndani ya kasha moja ikachanganya, akatoka mtu nusu nzi. Lakini jeni kazi yake ni kama oda. Inasema "jengeni jicho hapa", jicho la namna gani wanaamua mafundi waliopo saiti. Mwaka 1995 wanasayansi wa Basel kule Uswisi, maabara ya Walter Gehring, walichukua jeni la panya linaloamrisha kutengenezwa kwa jicho wakaliwasha ndani ya vinzi vidogo vya matunda, kwenye sehemu ambazo sio zake. Macho yakaota mahali pa ajabu, hadi miguuni. Sasa muulize mwanao: lilikuwa jicho la panya au la nzi? Mwache afikirie, usimpe jibu haraka. Lilikuwa jicho la nzi, lenye vile vijicho vingi vingi kama sega la asali. Oda imetoka kwa panya, mafundi ni wa nzi, wakajenga wanachokijua wao.

Ndo maana hata ungechukua jeni la nzi ukalipandikiza kabisa ndani ya seli za mtu, usingepata mtu mwenye bawa. Tena mengi tayari tunashirikiana nayo, karibu asilimia 60 ya jeni za binadamu zina ndugu zake ndani ya kile kinzi cha matunda, na kwenye jeni zinazohusika na magonjwa ya binadamu inafika kama asilimia 75. Ndo sababu maabara dunia nzima zinafuga vinzi kusoma magonjwa yetu. Kwahiyo mwanao anachokiogopa, kuwa na jeni za nzi, kwa namna fulani anacho toka kazaliwa, na mimi ninacho, na jirani yako wa mganga anacho.

Halafu kuna suala la ukubwa, hili watoto wanalipenda. Nzi hana mapafu. Ana vitundu ubavuni na mirija inayopeleka hewa moja kwa moja kwenye mwili, damu yake haibebi oksijeni kama yetu. Mfumo huo unafaa kwa mwili mdogo. Ukimkuza mdudu urefu mara mbili, uzito unapanda mara nane lakini eneo la ngozi mara nne tu, kwahiyo kadri anavyokua ndo anavyozidi kukosa pumzi na miguu inazidi kuelemewa. Kwenye misitu ya Afrika kuna mbawakawa anaitwa Goliathi, mkubwa balaa, anafika kama sentimita 11, na huyo ni miongoni mwa wazito kuliko wadudu wote duniani. Zamani sana, kama miaka milioni 300 iliyopita, kulikuwa na wadudu jamaa za kereng'ende wenye mbawa za karibu sentimita 70 ukipima ncha kwa ncha, na wataalamu wengi wanahusisha na oksijeni iliyokuwa nyingi hewani kuliko sasa. Mdudu wa kilo 80 hata hajawahi kukaribia kuwepo. Na kutembea ukutani ndo kabisa, watafiti wa Cambridge walipiga hesabu mwaka 2016 wakaona mtu ili ashike ukuta kama mjusi kafiri angehitaji asilimia 40 ya ngozi yake yote iwe inanata, au miguu ya kuvaa viatu namba 145. Mwanao anavaa namba ngapi?

Nisiwe mnyimi lakini, muvi ina sehemu moja ya kweli kabisa. Yule jamaa anatapikia chakula ndo anakula. Nzi ndivyo alivyo, hana meno, ana kitu kama sponji, anamwaga mate na vya tumboni juu ya andazi lako, vinalainisha, anafyonza. Na alikuwa ametua wapi kabla ya andazi unapajua mwenyewe. Kwahiyo hatari ya nzi kwenye kidonda ipo, ila ni vijidudu vya miguuni na mdomoni mwake, kidonda kinaoza, mtu anaharisha, na kwenye macho wanasambaza trakoma ambayo imepofusha watu wengi sana kwenye nchi zetu.

Na ukitaka kujua mdudu kuingia kwenye mwili wa mtu kunafananaje kweli, bibi zetu wanajua bila muvi. Tekenya anazama kwenye kidole cha mguu. Na kuna nzi anaetaga kwenye mchanga wenye mkojo au kwenye nguo zilizoanikwa zikabaki na unyevu, funza wake anaingia kwenye ngozi unapata uvimbe kama jipu, katikati kuna katundu anakopumulia. Ndo maana tunapiga pasi mpaka chupi na nepi za mtoto, wengi wanadhani ni urembo. Hata huyo funza baada ya wiki moja na kitu anatoka akawe nzi huko nje, na wewe unabaki kuwa wewe. Hajakuachia hata bawa.

Sasa lile swali la tatu.

Mama, hebu rudia dalili ulizoniandikia. Nywele mpya. Zinakuwa ngumu. Sauti inakwaruza. Nikuongezee ambazo hukuandika ila nadhani zipo: chunusi, jasho lenye harufu, anakula mpaka ukoko wa sufuria, na hasira za ghafla. Mwanao anabalehe. Na bahati mbaya yake ni kwamba kabalehe wiki ile ile aliyoona muvi ambayo jamaa anaanza kwa kuota nywele ngumu mgongoni, anatia sukari vijiko na vijiko kwenye kahawa, nguvu zinamjaa, uso unaota madoadoa, hasira. Dalili zimefanana mno. Mimi ningekuwa na miaka 13 ningeogopa pia.

Kwahiyo anachouliza ni "mwili wangu unabadilika, nani anaubadilisha, na nitaishia kuwa nini?" Na hakuna aliemwambia, au aliambiwa darasani kwa mchoro kwenye ubao na wenzake wakicheka. Ndo kazi hizi hadithi za mtu kugeuka mdudu zinafanya siku zote, ndo maana haziishi. Franz Kafka wa Prague aliandika hadithi iliyotoka 1915, kijana muuzaji wa kampuni anaelisha familia nzima anaamka asubuhi ni mdudu, na kinachomtia wasiwasi kwanza ni kwamba kachelewa treni! Mdudu mwenyewe Kafka hakumtaja ni wa aina gani, neno alilotumia kwa Kijerumani ni kama kusema kidudu mchafu tu, na alimwandikia mchapishaji asithubutu kumchora kwenye jalada. Manake hadithi ilikuwa ya nyumba ile, baba anaemtupia mtoto wake tofaa likamganda mgongoni, dada anaechoka kumtunza. Wale waliowahi kuuguza mtu muda mrefu ndani ya nyumba wakiisoma wanaielewa bila mwalimu. Hata ile muvi ya District 9 ya 2009 iliyochezwa Johannesburg, karani anaetumwa kuhamisha viumbe wanaofanana na wadudu kwa nguvu, mkono wake unaanza kugeuka wa kwao, na siku hiyo hiyo anaanza kuwindwa na ofisi iliyomtuma. Mtu wa Afrika Kusini hahitaji kuelezwa hapo kinachozungumzwa ni nini. Na ya Goldblum, Cronenberg mwenyewe amesema mara nyingi alikuwa anafikiria kuzeeka na kuugua, mwili unaokuacha ukiwa bado umo ndani yake.

Mwanao kaiona kama muvi ya kubalehe. Hajakosea kuisoma.

Na kuna kitu nataka umwambie maana kitamkaa. Nzi nae ana kubalehe kwake. Funza akifikia ukubwa fulani homoni inayoitwa ekidaisoni inapanda, anaacha kula, anajikunja ndani ya kitu kama punje ya kahawia, na humo ndani sehemu kubwa ya mwili wa funza inayeyushwa na mwili mpya unajengwa kutoka kwenye vifungu vya seli ambavyo alitembea navyo toka utotoni vikisubiri. Mtu hana vifungu hivyo, ndo maana hawezi kuwa nzi hata angetaka. Lakini homoni inayomwotesha mwanao nywele na kukuza zoloto (kile kisanduku cha sauti kooni) mpaka sauti inapasuka, testosteroni, na ile ya funza ni za ukoo mmoja, zote zinaundwa kutokana na kolesteroli. Kwahiyo ndiyo, anageuka. Anageuka baba yake.

Tuje kwenye la kufanya. Fimbo hapana, hapo baba anisamehe, hofu ukiichapa inajificha na kioo kinahamia chooni. Ila huyo huyo baba ndo nnaemtaka. Akae na kijana, wakinyoa au wakiosha pikipiki, sio kikao cha kuitana sebuleni, amwambie sauti yake yeye ilivunjika lini na alivyochekwa. Akishindwa, mjomba wake yupo, hii ilikuwa kazi ya wajomba na makungwi wa jando kabla ya muvi. Mganga sina ugomvi nae kwa imani ya mtu, na dua au sala mwombee mtoto kwa nafasi yako, lakini ukimpeleka kwa mtu atakaemwambia "ni kweli umechezewa" umemthibitishia kwamba kitu kibaya kiko ndani yake, na kukitoa hicho ni kazi ngumu kuliko nzi. Muvi kuzuia zote sioni faida, ataangalia kwa jirani. Hiyo ya 1986 lakini haikuwa ya umri wake, ina damu na mambo ya kitandani, na mwenye kibanda alipaswa kujua. Usimrudishe kuiangalia ili azoee. Video za jinsi ule mpira ulivyotengenezwa, hizo ndiyo, kaa nae mziangalie.

Na mpe chupa. Chupa ya plastiki ya kioevu chochote, ioshe, weka kipande cha ndizi iliyoiva mpaka imetoka madoa, acha wazi siku moja vinzi vidogo viingie, funga mdomo kwa kitambaa chepesi na raba. Siku chache utaona viuzi vyeupe vinatambaa kwenye ndizi, kisha vinapanda ukuta wa chupa, vinatulia, vinakuwa punje za kahawia, na kwenye joto letu kufika siku ya kumi hivi kinzi kipya kinasukuma kifuniko cha punje na kutoka kimepauka, mbawa zimekunjamana kama karatasi iliyofinywa. Kijana anaependa kuhesabu, mpe hivyo ahesabu.

Lini uende kwa daktari? Kama hofu inapita mwezi na bado halali, kama anagoma shule au kula, kama anajikwangua ngozi mpaka damu, nenda kituo cha afya umwombe daktari au mshauri wa watoto aongee nae, na mwache aongee bila wewe kujibu kwa niaba yake. Na kama yeye au mtu yeyote mzima hapo nyumbani anasema anasikia wadudu wanatembea chini ya ngozi na ukiangalia hakuna kitu, hilo usilisubirie mwezi. Ni hali inayojulikana hospitali, inaweza kuletwa na dawa fulani, pombe iliyoachwa ghafla, mishipa ya fahamu yenye shida kama kwa wagonjwa wa sukari, au akili kuugua, na zina matibabu. Usibishane nae kama wapo au hawapo, mwambie twende tukaangaliwe.

Halafu hukuniambia, kile kidonda cha gotini kimepona? Wiki tatu ni nyingi. Kioshe kwa maji safi na sabuni, kifunike, na kama kina usaha au pembeni kumekuwa kwekundu na joto, kesho asubuhi mpitishe zahanati.